Mtihani wa Tatu wa Bwana Taadhima

Mume wangu hajui kuomba chumvi kama watu wengine wanavyoomba, kwamba nipe chumvi, ukapewa, mkaendelea kula. Yeye huweka kijiko chini, hufuta mdomo, halafu husema, "Mama watoto, kama haitakuwa usumbufu kwako, na ikiwa mkono wako uko karibu na upande ule, ningefurahi sana kupata chumvi." Mpaka amalize, binti yetu ameshamsogezea kopo na chakula kimeshaanza kupoa.

Kazini wanamwita Bwana Taadhima, kwa sababu barua zake zote huisha kwa heshima na taadhima. Huanza nayo pia, na ukitafuta vizuri katikati hutaikosa. Jina limemganda hadi watu wa mtaani wanamwita hivyo, na yeye huitika bila kinyongo maana anaona ni sifa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Kwetu wodini, ukizunguka mbuyu utakuta mtoto ameshazaliwa.

Sijui tulioanaje. Au tuseme najua. Aliponiposa aliniandikia barua ya kurasa nne na kuiacha mapokezi ya hospitali. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ambao ulihusu hali ya hewa, pole za majukumu na hongera kwa utumishi wangu uliotukuka, nikadhani ni ndugu wa mgonjwa anajiandaa kulalamika. Nikaitia kwenye faili la malalamiko. Baada ya wiki mbili akaja mwenyewe, amekonda, kuuliza jibu. Nikamwambia uongozi unalishughulikia. Ombi lenyewe lilikuwa ukurasa wa nne, mstari wa pili kutoka chini.

Ila nisimsingizie, tabia hii alifundishwa. Mwezi wake wa kwanza kazini, kijana wa miaka ishirini na mbili, aliambiwa amwandikie bosi mmoja kumjulisha kwamba karatasi za ofisi zimekwisha. Akaandika kwamba karatasi zimekwisha na tunaomba nyingine. Bosi akamwita, akamsimamisha mbele ya watu wanane, akaishika ile barua kwa ncha za vidole na kumuuliza, "Mimi ni mdogo wako?" Siku hiyo aliiandika upya mara tatu, na kila ilivyorefuka ndivyo uso wa bosi ulivyokunjuka. Ya mwisho ilipita. Ilikuwa ukurasa mzima, na karatasi ziliombwa chini kabisa. Ukiniuliza hizo barua zote aliziandika kwenye karatasi gani wakati karatasi zilikuwa zimekwisha, sijui. Hunisimulia kisa hiki mara moja kwa mwaka, na akifika pale pa mdogo wako kicheko chake hubadilika.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nashindana naye mwaka ule. Alikuwa kaimu mkuu wa masjala, yaani chumba kinachopokea, kuandika na kutunza barua zote za idara yao. Kaimu kwa miaka kumi na moja. Anayekaimu miezi sita anasubiri cheo. Anayekaimu miaka kumi na moja amekalia kuti kavu, na kila mtu anajua ila anajifanya hajui. Kisha ukatoka waraka. Kwa kuwa barua nyingi za idara zinakwenda nchi za nje, kila mkuu wa masjala lazima afaulu mtihani wa Kiingereza, ule unaofanywa na watu wa nchi nyingi kwa maswali ya aina moja na kusahihishwa na kompyuta isiyomjua mtu. Nafasi ni tatu. Ukikosa zote, analetwa mkuu mwingine, na wewe unarudi dirishani kupokea bahasha na kugonga mihuri chini yake.

Kiingereza anakijua, hilo nataka lieleweke. Sehemu ya kusoma alifaulu, ya kusikiliza alifaulu. Iliyomwangusha ni moja tu, ya kusahihisha sentensi, na ukianguka sehemu moja umeanguka mtihani mzima. Unapewa sentensi ambayo kipande chake kimepigiwa mstari. Chini yake kuna majibu matano. La kwanza linakiacha kipande kama kilivyo, manne yanakiandika upya, na wewe unachagua lililo sahihi, linaloeleweka na lisilo na maneno ya bure. Maswali arobaini, na wanataka upate angalau ishirini na nane. Mara ya kwanza alipata kumi na tatu. Akanunua vitabu viwili vinene, akavisoma mpaka kurasa zikalegea. Mara ya pili akapata kumi na mbili.

Nilianza kuogopa. Si kwa ajili ya cheo, maana mimi cheo chake nilishakizoea kikiwa hakipo. Niliogopa lile dirisha. Mtu wa miaka arobaini na tisa, aliyefundisha nusu ya makarani wa jengo lile, akae pale agonge mihuri huku wale aliowafundisha wanapita nyuma yake wakinong'ona. Angeweza kulivumilia, yeye ni mvumilivu kupita kiasi. Mimi ndiye nisingeweza.

Aliyegundua ugonjwa ni binti yetu. Yuko kidato cha nne, ana ulimi wangu na subira ya nani sijui. Jumapili moja alichukua kitabu cha mazoezi cha baba yake, akakaa nacho sebuleni na rula, nikamsikia anacheka peke yake.

"Mama, njoo uone. Baba anachagua jibu refu kuliko yote. Kila swali."

"Kila swali?"

"Nimepima. Hapa yamelingana mawili, akachagua lenye maneno makubwa."

Tukamwita mshtakiwa. Alikuja na miwani puani na taulo begani, akasikiliza mashtaka yote, akakaa.

"Mwanangu," alisema, "sentensi hizi zinasomwa na watu wazito. Haiwezekani mtu mwenye malezi akampelekea msahihishaji sentensi ya maneno saba, kama anamrushia mbwa mfupa."

"Msahihishaji ni kompyuta, baba."

"Hata kompyuta ina mwenyewe."

"Swali linasema chagua lisilo na maneno ya bure."

"Nimelisoma. Nikaona ni mtego wa kupima adabu." Akageukia kwangu kutafuta msaada. "Mama watoto, wahenga si walisema njia ya mwongo ni fupi?"

"Walisema pia debe tupu haliachi kuvuma," nikamwambia. "Kuanzia kesho saa kumi jioni, hapa mezani, mimi na wewe."

Siku ya kwanza sikufungua kitabu. Nilimsomea kwa kichwa ripoti ya kukabidhiana zamu, kama ninavyomsomea mwenzangu kila siku. Kitanda cha tatu. Amejifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike. Presha ilipanda, imeshuka. Ipimwe tena saa kumi.

Alisikiliza kwa huzuni. "Na huyo unayemwachia zamu, humsalimii?"

"Namsalimia mlangoni. Kwenye ripoti namwambia nani anaweza kufa."

Hapo akavuta kiti karibu. Tukaingia kwenye kitabu. Sentensi ya kwanza ilisema, kwa Kiingereza chake, kwamba sababu ya daraja kufungwa ilikuwa ni kwa sababu ya ukweli kwamba mafuriko yalikuwa yamelibomoa. Nikampa penseli nikamwambia akate kila neno ambalo likiondoka hakuna atakayelitafuta. Ilimchukua robo saa. Kila neno alilolikata alilitazama kwanza, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka njia panda. Mwisho ikabaki kwamba daraja lilifungwa kwa sababu mafuriko yalilibomoa.

"Imekuwa uchi," alisema.

"Imekuwa nyepesi. Njoo hii ya pili."

Tulikwenda hivyo wiki nne. Mimi natoka zamu miguu imevimba, natia miguu kwenye beseni la maji ya moto chini ya meza, yeye juu anakata. Binti anashika saa ya simu. Kusema kweli nilifurahia, sikatai. Sisi wawili tulikuwa hatujakaa meza moja kufanya jambo moja tangu watoto walipokuwa wadogo. Alipokata sawasawa nilimpiga begani, alipoacha taka nilimzomea, na alikuwa anapokea yote kwa adabu ileile ya siku zote.

Kosa langu ni kwamba sikujua mume wangu akishika jambo hulishikaje. Asubuhi moja wakati wa kifungua kinywa alinyoosha mkono akasema, "Chumvi." Binti akapaliwa na chai. Siku mbili baadaye fundi viatu wa mlango wa pili alinifuata, kofia mkononi, kuniuliza amemkosea nini Bwana Taadhima, maana zamani salamu yake ilikuwa inachukua muda wa kushona soli moja, sasa anasema "Mzima?" na kupita. Nikamwambia mzee yuko kwenye dozi, itaisha.

Kisha binti akampa jaribio zima, maswali arobaini, kama mtihani wenyewe. Alimaliza kabla ya muda, akajiegemeza kwenye kiti amekunja mikono. Tukasahihisha. Tisa.

"Tisa?" nikauliza.

"Tisa, mama. Safari hii kachagua fupi kuliko yote. Kila swali."

Nikachukua kitabu. Swali la sita lilikuwa na jibu linalosema, ukilitafsiri, baada ya kumaliza kula, meza ilifutwa. Alikuwa amelizungushia duara la kujiamini.

"Hili umelipenda nini?" nikamuuliza.

"Ni fupi. Halina hata neno la bure."

"Nani alikula?"

"Watu."

"Wako wapi hao watu?"

Aliitazama sentensi, akakigeuza kitabu kidogo kana kwamba watu wangedondoka. "Wameondolewa," alikubali.

"Basi hapa aliyekula ni meza. Imekula, imeshiba, imefutwa."

Binti alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilianza kucheka nikaishia katikati, kwa sababu nilikumbuka jambo. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwenye ripoti maneno mawili tu, apewe sindano. Nilikuwa najua namsema nani. Mwenzangu wa zamu ya mchana hakujua, na sindano ile nusura iingie kwa mama asiyehusika, ambaye isingemfaa hata kidogo. Muuguzi mkuu alinisema siku ile mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Ufupi wangu haukuja bure. Nilichomfundisha mume wangu ni nusu ya kazi, nusu ya kukata, na ile ya pili nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikukumbuka kuwa ipo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilijaribu kumweleza, lakini nilimkoroga zaidi. Leo anarefusha, kesho anafupisha, keshokutwa anachagua la katikati kwa kupima kwa rula ya mwanawe. Jioni moja aliweka penseli chini.

"Mama watoto, nikirefusha nakosa, nikifupisha nakosa. Labda lile dirisha ndilo langu. Si kazi mbaya. Kuna feni."

Nilikasirika. Mimi nikikasirika huosha vyombo, na siku hiyo niliosha hata vilivyo safi. Sikukasirikia mtihani, nilimkasirikia yeye kwa ile feni, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kutafuta mazuri ya dirishani.

Wiki iliyofuata ofisi ya mkurugenzi wao ilipakwa rangi. Mkurugenzi ni mama mmoja mkimya, ameongoza idara ile miaka yote kumi na moja, hana maneno, anasoma kila kinachoingia mezani kwake na kalamu nyekundu mkononi. Kabati lake lilishushwa masjala kwa siku tano mpaka rangi ikauke. Ndani yake kulikuwa na madokezo yote ambayo mume wangu alimwandikia tangu aanze kukaimu, yaani zile barua za ndani za kumjulisha hiki na kile. Huwa yanapanda juu na hayarudi. Yeye hutekelezewa tu alichoomba, au hatekelezewi.

Siku hiyo alirudi nyumbani saa tisa na nusu, mapema, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni bila kuvua viatu. Nikamletea chai. Akaishika mpaka ikapoa.

"Nimeyaona madokezo yangu," alisema. "Yote. Kila moja lina mstari mwekundu mmoja. Ukurasa mzima, mstari mmoja. Kwingine hajagusa. Hajasoma, mama watoto. Miaka kumi na moja anasoma mstari mmoja."

Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mume wangu alikuwa amechutama pale ngazini, mtu mzima na tai yake. Nusu yangu ilitaka kucheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikumbuka barua ya ukurasa wa nne. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikakaa karibu naye nikamshika goti.

"Mistari gani?" nikamuuliza baadaye.

"Mistari gani nini?"

"Aliyoipigia mstari. Unaikumbuka?"

Anakumbuka kila kitu alichowahi kuandika, ndio ugonjwa wake mwingine. Akaanza kunitajia, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya marehemu. Paa la stoo linavuja juu ya mafaili ya viwanja. Fundi aje kabla ya mvua za mwezi wa tatu. Karani wa zamu ya asubuhi anaomba ruhusa ya siku nne kuanzia Jumatatu kumuuguza mama yake. Barua ya wizara ya tarehe sita haijajibiwa. Mwisho ni kesho saa sita.

Nilimsimamisha. "Rudia hiyo ya paa."

Akarudia.

"Umesikia? Nini kinavuja, wapi, nani aje, lini. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichokosekana. Hiyo ni ripoti ya zamu. Wewe umekuwa unaandika jibu sahihi miaka yote, ila unalificha katikati ya umati."

Akanitazama kwa wasiwasi, kama anayehisi anatongozwa. "Kuna mengine mstari umepigwa na pembeni ameandika kwa nyekundu, nani? Au, lini?"

"Hayo ndiyo yale ambayo aliyekula ni meza."

Hapo kidogo alitabasamu. Akanywa chai ile ya baridi yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo, na nikaona kuna jambo bado amelibana.

"Kuna moja halina mstari kabisa," alisema. "Rambirambi. Yule mzee dereva alipofariki, mkurugenzi aliniambia nimwandalie barua ya kwenda kwa familia. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nakala niliyompelekea ameitunza kabatini. Hajapiga mstari popote. Pembeni juu ameandika, isipunguzwe hata neno."

Alinisomea ile barua pale pale ngazini, kwa kichwa. Ilieleza jinsi masjala ilivyoingia maji, dereva akabeba mafaili kichwani safari ishirini na mbili wakati haikuwa kazi yake. Ilieleza kwamba hakuwahi kuondoka na gari kabla ya kuuliza kila ofisi kama kuna bahasha ya kupeleka upande anaokwenda. Ilikuwa ndefu, na mimi, ambaye hukata maneno ya watu wakiwa bado wanasema, sikuona pa kukata. Kila sentensi ilikuwa imembeba yule mzee kipande. Nililia, na sikuwahi hata kumjua.

Kuanzia siku hiyo mazoezi yakabadilika. Hakupima tena kwa rula wala kwa adabu. Alisoma sentensi, akafumba macho, akajiuliza mama mkurugenzi angepitisha wapi kalamu yake, kisha akatafuta jibu linalobeba hayo yote na kuacha mengine. Mara nyingi lilikuwa fupi. Mara nyingine lilikuwa la wastani. Binti akatoa jaribio, akapata ishirini na mbili. Lililofuata ishirini na saba. Jingine thelathini na moja, nikampikia anachokipenda. Fundi viatu akarudishiwa salamu zake, za urefu wa nusu soli.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye jengo lenye chumba kimoja kirefu cha kompyuta. Nilibadilishana zamu nikamsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na wazazi wengine, wote wakiwa wamewaleta watoto wao. Bibi mmoja aliniuliza wangu yuko kidato gani. Nikamwambia wangu yuko masjala. Alitikisa kichwa kwa heshima, nadhani alifikiri ni chuo.

Alitoka baada ya muda wa saa tatu, shati limechomoka, jambo ambalo sijaliona tangu harusi yetu.

"Vipi?"

"Swali la thelathini na tatu," alisema, "jibu refu ndilo lilikuwa sahihi."

"Una hakika?"

"Nililitazama dakika nzima. Nikajiambia, haya ni mazoea yako, yanakurudia. Lakini yale mafupi manne yote yalimwacha mtu nje. Nikalichagua refu." Akaingiza shati lake. "Kama nimekosa, nimekosa nikijua."

Majibu yalichukua wiki mbili. Siku yenyewe nilikuwa wodini, nimevaa glavu, mama mmoja yuko kwenye hatua ya mwisho, simu yangu ikaita mezani. Mwenzangu akaishika akaniwekea sikioni.

"Mama watoto," sauti ikaanza, "natumaini hali ni njema hapo ulipo, na ninaomba radhi kwa kukukatiza katikati ya majukumu yako, kwani ninafahamu fika kwamba..."

"Baba watoto, mtoto anatoka. Umefaulu au hukufaulu?"

"Nimefaulu. Thelathini na nne."

Mwenzangu alisikia, mama aliyekuwa anajifungua naye alisikia. Katikati ya maumivu yake, uso umelowa jasho, akasema, "Hongera, shemeji," kisha akasukuma. Alizaliwa mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mwenye sauti. Niliandika ripoti yake vizuri sana.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe bado hatua moja. Kila barua inayotoka idara ile huandikwa masjala, kisha hupanda juu kusainiwa. Sasa ya kumthibitisha mkuu wa masjala ingeandikwa na nani? Mkurugenzi alimwita akamwambia, "Andika, nitasaini." Akarudi nyumbani na karatasi nyeupe ndani ya bahasha, akaiweka mezani mbele yetu kama mtihani wa nne.

"Nijiandikie mwenyewe," alisema. "Sijui pa kuanzia."

Binti alikuwa tayari ameshika saa kwa utani. Mimi nilijiegemeza nikijua tutakuwa hapo mpaka chakula cha jioni, maana mtu anayetumia maneno ishirini kuomba chumvi, kwa jambo alilolisubiri muda wote ule angehitaji daftari zima. Akaandika. Hata dakika mbili hazikufika. Akaigeuza karatasi akanisukumia.

Ninakujulisha kwamba umethibitishwa kuwa Mkuu wa Masjala kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao.

Basi. Hakuna hali ya hewa, hakuna utumishi uliotukuka. Nani, nini, lini.

"Baba, hiyo ni safi," alisema binti, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mume wangu alikuwa ananitazama mimi. Miwani imeshuka puani, mikono juu ya meza, anasubiri kusahihishwa. Nikaisoma mara ya pili, kisha ya tatu. Ilikuwa sahihi. Ningepewa kwenye mtihani ningeichagua. Lakini sikuweza kumrudishia.

"Haijakamilika," nikasema.

Alishtuka. "Kimekosekana nini?"

"Miaka kumi na moja."

"Hiyo mkurugenzi anaijua, mama watoto. Nami naijua. Ni maneno ya bure."

"Si ya bure. Yaandike."

Akachukua kalamu na kuongeza, kwa mwandiko wake ule wa kukoleza, baada ya kukaimu nafasi hiyo kwa miaka kumi na moja. Akaishia hapo. Nikaweka kidole changu kabla ya maneno kwa miaka.

"Na hapa weka kwa uaminifu."

"Mtu hawezi kujiandikia hivyo mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe andika," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayesema."

Akaandika.